Siku ya Kumi na Moja

6 Januari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Huku hatujambo, ila wifi yako ana yale mafua yake ya kila Januari, na binti yangu, ambaye mmeliacha jina lake mkamwita Swali, ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo siku hizi maswali yanatoka na upepo. Jana kaniuliza kama samaki anajua kwamba amelowa. Nimelala na swali hilo. Mimi nimekaa wiki tatu porini tukipima viwanja vya shule mpya, nimerudi nimeungua jua hadi masikio, na viatu vimefungua mdomo.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa mezani. Ulisema kwenye simu kwamba bosi wako anabomoa tanuri la zamani Julai, ajenge jipya, na kwamba wiki nne nzima hakutaokwa mkate hata mmoja. Dada, tangu uanze kazi pale umewahi kupumzika wiki nne? Umewahi kupumzika siku nne? Basi nimetandika ramani zangu sakafuni, wifi yako anaziruka kama madimbwi. Nataka tusafiri. Wewe, Mama, mimi, wifi yako na Swali. Siku ishirini na nne, nchi tatu jirani, kwa gari langu hili hili, ambalo nimeshampelekea fundi alisikilize kifua.

Mama na wewe mtakuja kwa basi hadi mji wa mpakani, tutawapokea stendi. Wiki ya kwanza tunazunguka nchi ya maziwa, taratibu, bila kukimbizana. Ya pili tunapanda nchi ya milima. Siku ya kumi na moja tunalala kwenye ule mji mkubwa wa juu, kuna hoteli yenye maji ya moto yasiyokatika. Ya tatu tunashuka kwenye misitu ya nchi ya tatu, halafu tunarudi nyumbani kwa njia ya chini. Ratiba nimeiambatanisha, pamoja na ramani niliyoichora mwenyewe. Nyota ni vituo vya mafuta. Vimiduara ni vyoo, hilo ni sharti la wifi yako.

Mama ana miaka sabini na mmoja. Amezalisha nusu ya mtaa ule, na baadhi ya aliowapokea wanamtumia picha kutoka nchi za mbali, lakini yeye mwenyewe hajagongewa mhuri hata mmoja. Nataka augongewe huku nikiangalia.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana tukiongea Mama hukaa ubavuni kwako akikufundisha la kusema. Nijibu kwa utulivu wako.

Mdogo wako, mpima ardhi asiye na viatu


29 Januari

Mdogo wangu,

Barua ilifika imelowa kona, lakini ramani ilipona. Sisi wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto ananiacha nyuma njiani. Mimi ni yule yule, unga hadi kwenye nyusi. Mwambie Swali kwamba shangazi yake amefikiria sana, na anaona samaki hajui.

Nilimsomea Mama ratiba yako mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza akauliza, "Nani anakaa mbele?" Nikamwambia tutapeana zamu. Akasema, "Zamu ni za nyinyi vijana. Mimi nakaa mbele." Basi hilo limekwisha. Tangu siku hiyo sanduku limetoka chini ya kitanda, linapangwa na kupanguliwa. Nguo za baridi zimo, za joto zimo, na mkasi wake wa ukunga umo. Nikamuuliza mkasi wa nini likizoni. "Watoto hawajui kama mtu yuko likizo," akanijibu.

Umenifurahisha, mdogo wangu. Sitaandika zaidi ya hapo, nitalia juu ya karatasi.

Nina ombi moja dogo tu. Hiyo siku ya kumi na moja, badala ya kulala mji mkubwa, tungelala ule mji mdogo wa chini yake, wenye daraja la chuma. Kwenye ramani yako umeuweka nukta bila maandishi. Madereva wa malori wanaonunua mkate kwetu wanausifu, wanasema una hewa nzuri na mto mpana, na foleni ya magari hakuna. Mama angependa mto. Fikiria.

Wifi yangu mwambie asali na tangawizi.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Natumaini mu wazima. Mafua yamekwisha kwa wifi yako, yamehamia kwangu. Swali amekataa jibu lako. Anasema kama samaki hajui kuwa amelowa, basi akitolewa majini mbona anashtuka? Naona tumezaa wakili.

Mambo yanakwenda. Gari limebadilishwa breki na mkanda wa injini. Nimeuliza habari za bima ya kuvukia mipaka, na kadi za chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa kila mtu, hata Mama, kwa hiyo mpeleke mapema kabla hajaanza kuwaeleza wauguzi jinsi ya kushika sindano. Pasipoti zinachukua miezi miwili, nendeni wiki hii.

Kuhusu ule mji mdogo, haitawezekana. Njia ya kuingia ni mbaya. Daraja lenyewe ni la chuma lakini sakafu yake ni mbao, na upande wa kushoto kuna mbao zilizolegea zinazopiga kelele gari likipita. Ukishavuka kuna mteremko wa kokoto, gari dogo linateleza. Nyumba ya wageni ni moja, na vyumba viko juu, ngazi iko nje ukutani, haina hata pa kushika. Na goti la Mama? Hewa ya mji mkubwa ni nzuri vilevile. Tuache kama nilivyopanga.

Nimeongeza siku moja kwenye ziwa la pili, nimeikata kwenye la kwanza, kwa ajili yako. Kuna boti za kukodi.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Pasipoti tumeziomba. Mpiga picha alimwambia Mama asitabasamu, naye akamjibu kwamba hajawahi kutabasamu bila sababu, asijisumbue. Picha imetoka kama ya hakimu. Sindano amechomwa, na muuguzi alikuwa mmoja wa aliowazalisha, kwa hiyo tulikaa saa mbili.

Siku ya ziwa nimeipenda. Asante.

Nikurudishe kwenye ule mji. Nakuomba mara ya pili, nami si mtu wa kuomba mara mbili, unanijua. Usiku mmoja tu. Ngazi nitampandisha Mama mwenyewe, mgongoni ikibidi. Nabeba magunia ya unga kila siku, Mama hafiki nusu gunia.

Halafu niambie kitu. Ramani yako, hata kubwa uliyonionyesha mwaka juzi, haina mbao zilizolegea. Haina ngazi za nyumba ya wageni. Uliyajuaje haya?

Dada yako


2 Mei

Mdogo wangu,

Wiki saba sijapata neno lako. Kwenye simu unaongea na Mama, mimi unanitumia salamu. Kwa hiyo huna raha, nami sina, na mwenye kosa kubwa ni mimi. Wacha nianze.

Baba yuko pale.

Nimeandika mstari huo kisha nikaenda kuosha vyombo vyote, hata visafi. Nimerudi. Yuko pale, kwenye ule mji wa daraja la chuma, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli. Mzima, ila ana kikohozi.

Nimejua kwa miaka minne sasa. Kulikuwa na dereva wa lori aliyekuwa akinunua mikate ya safari kwetu kila Jumanne. Siku moja akaniangalia usoni akasema, "Dada, kuna mzee ng'ambo, fundi baiskeli, mmefanana mpaka mnavyokunja paji la uso." Nilicheka. Wiki tatu baadaye akaniletea kikaratasi. Mwandiko niliujua kabla sijakifungua. Ulikuwa na miaka tisa alipoondoka, labda huukumbuki. Mimi nilikuwa na kumi na tano, niliukumbuka vizuri sana.

Unajua tulivyoambiwa: anakwenda kuendesha greda, barabara mpya, miezi sita. Aliandika mwaka mmoja, kisha kimya. Ukweli ni kwamba mradi uliisha, akawa na mwanamke huko, akakaa. Hawakupata mtoto. Yule mwanamke alifariki miaka saba iliyopita. Haya ameyaandika mwenyewe, bila kujitetea. Ningependa angejitetea, ningepata cha kumtukania.

Nimekuwa nikimwandikia. Barua zake zinakuja kiwandani, si nyumbani. Mama hajui. Na Januari, ratiba yako ilipofika, nikiwa mjinga, au nikiwa mtoto tu, nilimwandikia kwamba huenda tukapita. Sikumwahidi nani atakuja. Nilisema huenda.

Sikuombi umsamehe. Nakuomba usiku mmoja kwenye siku ishirini na nne.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Nimeipata. Niache kwanza.


3 Juni

Dada yangu,

Samahani kwa ile barua ya mistari miwili. Ndiyo niliyoiweza siku ile. Wifi yako alinikuta gereji nimekaa ndani ya gari lililozimwa, akaingia akaketi upande wa pili, hakuniuliza kitu. Nina bahati na mwanamke huyu.

Uliniuliza niliyajuaje mambo ya mbao na ngazi. Nilikwenda.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwaka wa mwisho wa chuo, tulipelekwa mafunzo ya vitendo karibu na mpaka. Mzee mmoja wa kambi ya barabara, aliyewahi kufanya kazi na Baba, akaniambia alipo. Nikachukua siku mbili za ruhusa, nikavuka. Nililala kwenye ile nyumba ya wageni ya ngazi za nje. Asubuhi nikakodi baiskeli, nikalitoa upepo tairi la nyuma kwa mkono wangu, nikaikokota hadi kibandani kwake.

Nilikuwa nimejipangia maneno. Nilikuwa nayo matano au sita, makali, nimeyanoa tangu utotoni. Akatoka, akachuchumaa, akaniuliza, "Unatoka mbali?" Nikasema, "Ndiyo." Akatafuta tundu, hakuliona, akanitazama, akajaza upepo. "Hili halijatoboka," akasema. Nikasema, "Basi asante." Nikaondoka.

Hivyo tu. Hakunijua, Dada. Mtoto wake kasimama mbele yake, jua limenimulika usoni, naye ananiuliza kama natoka mbali. Sikumwambia mtu. Wewe sikukwambia kwa sababu nilijua ungelia, na Mama kwa sababu sikujua angefanya nini. Nikiiona ile nukta kwenye ramani, kalamu yangu inairuka yenyewe.

Kwa hiyo umemwandikia miaka minne, nami nimemwona dakika tano, na sote tulikuwa tukila meza moja kila Desemba tukipitishiana chumvi.

Sijui nikuambie nini kuhusu usiku huo mmoja. Lakini hili najua: hatuwezi kumpeleka Mama pale kama mzigo, aamke ajikute mbele ya kibanda. Mwambie. Akikataa, nafuta na tusiseme tena. Akikubali, nitaendesha.

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Kwanza, sikulia. Nililia kesho yake.

Nimemwambia. Ilikuwa Jumapili, tunamenya viazi, mimi upande wangu na yeye upande wake. Nilimwambia yote, ya kwangu na ya kwako, hadi lile tairi. Kisu chake hakikusimama. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo yu hai." Nikasema ndiyo. Akasema, "Hivi viazi vimezidi," tukaendelea.

Siku tatu hakuzungumza nami ila la lazima: funga mlango, chai imepoa. Sanduku likarudi chini ya kitanda. Nikajua nimeharibu. Nilichoma mikate trei mbili kazini, kitu ambacho hakijatokea tangu niwe fundi mkuu, bosi akaniuliza kama ninaumwa.

Siku ya nne narudi nyumbani, nakuta sanduku liko katikati ya sebule, limefungwa kamba. Mama kakaa juu yake.

"Kwenye hiyo karatasi ya mdogo wako," akasema, "mji ule tunafika saa ngapi?"

Nikamwambia karatasi haina mji ule, lakini ikiwa nao, itakuwa siku ya kumi na moja, saa nane mchana.

"Saa nane nitakuwa nimechoka, nguo zimekunjamana. Mwambie tufike asubuhi."

Nikamuuliza, "Mama, una uhakika?"

"Nimezalisha wanawake mia nne," akasema. "Hakuna aliyekuwa na uhakika."

Basi, mdogo wangu, badilisha ratiba. Tufike asubuhi. Nguo atakayovaa siku hiyo ameshaipiga pasi, ameiviringisha kwenye shuka peke yake, mimi siruhusiwi kuigusa.

Dada yako anayekupenda


10 Julai, anakuletea Mama

Mdogo wangu,

Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Atashuka basi mtu mmoja, si wawili. Juzi, siku ya mwisho ya tanuri la zamani, mlango wake, ungali wa moto, ulichomoka bawaba ukanilalia mkono wa kulia, kiganja hadi kiwiko. Usiogope, utapona. Lakini daktari anataka kuusafisha kila siku ya pili kwa mwezi mzima, na hataki kusikia habari za safari.

Sikukupigia kwa sababu ungeghairi.

Usighairi. Nimemwokea Mama mikate mikavu kabla ya ajali, iko kwenye mfuko wa bluu. Mbele anakaa yeye. Siku ya kumi na moja, asubuhi.

Nenda kwa niaba yangu. Niandikie kila kitu, usiniruke.

Dada


24 Julai

Dada yangu,

Nakuandikia kwenye baraza ya nyumba ya wageni yenye ngazi nje. Ngazi sasa zina bomba la kushikia. Leo ni siku ya kumi na tatu, na kwa ratiba yangu tulipaswa kuwa mbele milimani tangu jana. Kwa hiyo unaona.

Mkono vipi? Stendi, siku ile Mama aliposhuka peke yake na ule mfuko wa bluu, nilisoma barua yako nimesimama, na neno la kwanza lililonijia ni kugeuza gari. Mama akaniambia, "Dada yako kaungua akasema twende. Wewe hujaungua popote." Tukaenda. Mhuri wake wa kwanza aligongewa siku hiyo hiyo. Alimwambia afisa uhamiaji arudie, umefifia. Akarudia.

Sasa siku ya kumi na moja. Tulifika saa tatu asubuhi. Nilisimamisha gari chini ya daraja. Mama alikuwa ndani ya ile nguo, kajiweka sawa kwenye kioo cha gari mara tatu. Akaniambia, "Tangulia. Nikishuka sasa goti litaniaibisha." Swali akashuka nami kabla sijamkataza.

Alikuwa kwenye kigoda, gurudumu magotini, anakaza nyaya. Amekuwa mdogo, Dada. Nilikuwa nimembeba mkubwa miaka yote hii. Akainua macho, akasema, "Karibu. Baiskeli iko wapi?"

Nikasema, "Leo sina baiskeli. Nimekuja na Mama."

Gurudumu likamtoka magotini, likabingirika hadi mtaroni. Hakulifuata. Akanitazama, akasema, "Ile siku nyingine ulikuja na nyekundu. Tairi lilikuwa zima."

Nikamuuliza, "Ulinijua?"

"Ulipokuwa unaondoka. Uliinama kufunga kamba ya kiatu, ukakaa chini kabisa kama ulivyokuwa ukifanya mlangoni kwetu. Hapo nikajua."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita nani? Mteja, haungekuwa ukweli. Mwanangu, sikuwa na haki nalo."

Nilitaka kumpigia kelele. Yale maneno yangu sita nilikuwa nayo bado. Lakini nilijikuta nimekaa kwenye tofali, pembeni yake, kama mtu aliyekuja kusubiri zamu. Swali ndiye aliyeongea. Alisimama mbele yake na pengo lake, akamuuliza, "Kwa nini hukurudi nyumbani?"

Akamjibu kama anayemjibu mtu mzima. "Mwezi wa kwanza niliona aibu. Mwezi wa pili aibu ikawa kubwa kuliko ya kwanza."

Swali akafikiri. "Sasa si ungerudi tu ule mwezi wa kwanza?"

"Ndiyo," akasema. "Ningerudi ule wa kwanza." Akafuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akajichafua.

Mama alikuja akishikwa mkono na wifi yako. Baba akasimama, akavua kofia, hakujua aiweke wapi. Mama akamwangalia juu hadi chini, vile anavyomwangalia mjamzito aliyechelewa kuja kliniki.

"Umekonda," akasema.

"Umefika," akasema yeye.

"Nimefika. Usihangaike, sikuja kukurudisha. Nimekuja uniambie kwa mdomo wako, maana habari zako kwa midomo ya watu zimenichosha. Na nimekuja uwaone wanao. Huyu hapa mmoja, anapima ardhi ya serikali. Mwingine ni fundi mkuu wa mikate, kaungua mkono kazini wiki mbili zilizopita, na hata hivyo ndiye aliyetuleta hapa."

Baba akasema, "Huyo amenilisha barua miaka minne." Ndivyo alivyosema, Dada: amenilisha.

Kisha Mama akatugeukia. "Nendeni mkautazame mto."

Tuliutazama mto saa nzima na nusu. Hakuna mto uliowahi kutazamwa hivyo. Tuliporudi, walikuwa wamekaa kila mtu kwenye kigoda chake, mkate wako mkavu katikati, umebaki kipande. Mama macho yalikuwa mekundu, Baba zaidi. Sijui walisema nini. Nilimuuliza Mama ndani ya gari, akanijibu, "Endesha." Baada ya daraja akaongeza, "Kesho tusiondoke. Wala keshokutwa."

Sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Usiniwekee neno hilo mdomoni, bado sinalo. Lakini jana mchana alinihitaji kumshikia fremu ya baiskeli wakati anapiga nati, nikamshikia, na hatukuongea, na haikuwa vibaya. Analikunja paji la uso kama wewe.

Amenipa kitu nikuletee, lakini Mama amesema atakukabidhi yeye mwenyewe. Kesho asubuhi tunaondoka kuelekea msituni. Ratiba imeharibika yote, nami ndiye mtu wa kwanza katika idara yetu kufurahia kipimo kilichokosewa.

Pona haraka.

Mdogo wako


21 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Umenipa barua ndefu kuliko zote ulizowahi kuandika, nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Mkono umepona, ngozi mpya ina rangi ya waridi kama ya mtoto mchanga, na Mama anaukagua kila asubuhi kwa fahari kama ameuzalisha yeye. Tanuri jipya limewashwa. Linapandisha moto haraka kuliko ninavyoweza kulifokea.

Nikuambie nilichofanya siku ile ya kumi na moja. Niliketi kitandani, mkono juu ya mto, saa mbele yangu. Saa tatu ilipofika nikavaa viatu. Sikuwa na pa kwenda. Nilivaa tu, nikakaa navyo hadi adhuhuri. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, nikakuombea, vyote viwili kwa pamoja. Nilidhani nitakuwa na uchungu zaidi. Lakini naona ilibidi uwe wewe. Mimi ningemkimbilia nikamkumbatia, na maneno yote yangepotelea kwenye shati lake.

Mama alirudi na habari za kusimulia wiki nzima. Nimesimuliwa maziwa yote, hoteli zote, sabuni ya kila hoteli, ugomvi wa foleni kwenye mpaka wa tatu, na yule mwanamke aliyeshikwa na uchungu kwenye kituo cha mafuta, Mama akamsindikiza hadi hospitali akiwa amekaa mbele. Pasipoti ameizungusha mtaa mzima. Kuhusu mji wa daraja, hakusema neno, nami sikumgusia. Alinipa tu nilichotumwa: kengele ya baiskeli, mpya, imefungwa kwenye gazeti. Sina baiskeli. Nimeiweka juu ya meza na kila nikipita naipiga mara moja.

Jana aliniomba karatasi. Nikampa tatu. Akaomba nyingine. Aliketi mezani tangu chai ya asubuhi, mgongo kwangu, anaandika, anasimama kidogo, anaangalia dirishani, anaandika. Alinifukuza jikoni mara mbili. Alipomaliza aliilamba bahasha mwenyewe, akaibonyeza kwa kiganja muda mrefu, akanikabidhi niipeleke posta. "Usiipindepinde," akasema.

Sikuifungua, ingawa nilikwenda posta nikitembea polepole mno. Ilikuwa nzito. Mbele kuna jina la Baba na mji ule, basi. Lakini pale dirishani, karani alipoigeuza kutafuta jina la mtumaji, nikaona nyuma. Mama ameijaza yote kwa herufi kubwa: mtaa wetu, namba ya nyumba, basi gani mtu apande kutoka stendi, ashukie wapi, na kwamba geti ni la kijani, halifungwi mchana.

Karani akaniambia anwani ya mtumaji haihitaji maelezo yote hayo.

Nikamwambia aigonge mhuri hivyo hivyo.

Dada yako